Mtutu Mzito, Shabaha Ndogo

Mwanzoni mwa karne ya 20, wakulima wa majimbo ya New York na Pennsylvania, kaskazini mashariki mwa Marekani, walikuwa na adui mfupi, mnene na mwenye subira. Marmota ni mnyama wa jamii moja na kindi, ila maskani yake ni ardhini. Huchimba mashimo marefu yenye milango kadhaa katikati ya malisho, hula klova, maharage na mboga za bustanini, na ikifika majira ya baridi hujifungia chini akalala hadi hali ya hewa ipate joto. Klova iliyoliwa ingeweza kusamehewa. Shimo halikusameheka, kwa sababu farasi wa kukokota jembe akitumbukiza mguu humo aliweza kuvunjika, na farasi aliyevunjika mguu alikuwa pigo kwa familia nzima. Ndiyo maana kijana aliyechukua bunduki jioni kwenda kumvizia marmota alihesabiwa kuwa yumo kazini, na majirani walimruhusu apite mashambani mwao.

Marmota wa kwanza ni rahisi kumpiga. Wale waliokwisha kusikia mlio na kukoswakoswa hawasogei tena mbali na mashimo yao. Hutokeza kichwa, hutazama huku na huku, na wakiona mtu akivuka ua hupotea. Mwindaji analazimika kulala chini hatua 200 kutoka hapo na kulenga kitu kisichozidi ukubwa wa chungwa, tena kwa muda mfupi kabla hakijazama.

Bunduki za kuwindia kulungu za enzi hizo hazikuifaa kazi hiyo. Zilirusha risasi nzito zenye mwendo mdogo, ambazo zilishuka sana njiani. Mtu akikisia umbali vibaya kwa hatua 20 tu, risasi ilipita juu au ilichimba udongo. Jambo la hatari zaidi ni kwamba risasi ya namna hiyo ikigonga jiwe huruka na kuendelea na safari, na katika nchi ya mashamba yanayopakana, upande wa pili wa kilima kulikuwa na ng'ombe wa jirani, au jirani mwenyewe. Kilichohitajika kilikuwa risasi ndogo yenye mwendo mkali, inayonyooka njiani na kupasuka vipande vipande inapogusa chochote, ikitoka katika bunduki inayorudia tundu lake bila kuyumba.

Vitabu vya historia ya bunduki vimejaa vita na tembo. Naamini vimewasahau watu waliotufundisha zaidi. Askari wa miguu wa miaka ile aliridhika akiweza kupiga kiwiliwili cha mtu, na mwindaji wa tembo alisogea hadi hatua chache kabla ya kufyatua. Aliyehitaji usahihi wa kweli, na aliyekuwa tayari kupoteza usiku mzima karakanani kwa ajili yake, alikuwa mtu wa mashambani aliyeshindana na mnyama wa kilo nne au tano. Kutokana na shida yake tulipata mtutu mzito.

Inafaa kueleza kwa nini uzito una maana, kwa kuwa historia yote inayofuata imejengwa juu ya jambo hili. Bunduki inapofyatuliwa, mtutu haubaki umetulia. Gesi ya baruti inausukuma, risasi inajilazimisha kupita katika mifereji ya mzunguko iliyochongwa ndani, na chuma chote kinatetemeka mfano wa ufito uliochomekwa ardhini na kupigwa ncha. Risasi inatoka wakati mdomo wa mtutu uko mahali fulani katika mtetemo huo. Mtutu ukiwa mnene, hutetemeka kidogo zaidi. Ugumu wa chuma cha mviringo dhidi ya kupinda huongezeka kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, maana yake ukiongeza unene mara mbili unapata ugumu wa takriban mara 16. Pamoja na hayo, chuma kingi huchelewa kupata joto, na mtutu usiopata moto upesi hauhamishi shabaha wala hautoi mvuke wa joto unaochezesha picha mbele ya darubini. Gharama yake ni mabega. Bunduki ya mtutu mzito inaweza kufika kilo tano au sita, na hakuna anayependa kuibeba kutwa nzima porini. Lakini mwindaji wa marmota hakutembea sana. Alikaa, akasubiri.

Ujuzi wa kutengeneza mitutu ya namna hiyo ulikuwapo tayari, umehifadhiwa mahali pasipotarajiwa. Wahamiaji Wajerumani walikuwa wamekuja Marekani na vilabu vyao vya kulenga shabaha, ambako wanaume walisimama wima na kupiga vibao vilivyowekwa yadi 200, kisha wakala na kunywa pamoja na familia zao. Bunduki za vilabu hivyo zilikuwa nzito, za risasi moja moja, na mitutu yake ilichongwa kwa mkono. Fundi aliyeheshimika kuliko wote alikuwa Harry Pope, aliyezaliwa 1861 na kufariki 1950. Alihamishia karakana yake San Francisco mwaka 1906, siku chache tu kabla ya tetemeko kubwa la Aprili, akapoteza karibu kila kitu. Akaanza upya Jersey City, katika chumba kilichojaa vyuma na karatasi, na watu wakasubiri miaka kupata mtutu wenye jina lake. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafanya Wajerumani wa Marekani watiliwe shaka, vilabu vile vikafifia. Bunduki zao zikabaki madukani na kwenye madari ya nyumba.

Mtu wa pili ambaye bila yeye hadithi hii ingekuwa nyingine ni Dakta Franklin Mann wa Massachusetts. Alisomea udaktari, akauacha, akatengeneza mashine za kusagia mifupa kwa ajili ya chakula cha kuku, na faida ya mashine hizo akaitumia kujibu swali moja lililomnyima usingizi: kwa nini risasi mbili zilizojazwa sawasawa, zikapigwa kwa mtutu uleule, hazipiti tundu moja? Alijenga nguzo ya zege ya kushikilia mtutu ili mkono wa binadamu usihusike. Alikata ncha za risasi, akazitoboa, akazipinda, kisha akazipiga na kupima. Kitabu chake kilichotoka 1909 kilionyesha, miongoni mwa mengine, kwamba risasi iliyoharibika ncha huenda vizuri kuliko ilivyodhaniwa, lakini kasoro ndogo kwenye kitako chake huipoteza njia. Fundi A. O. Niedner, aliyeshirikiana na Mann, aliuhamisha ujuzi huo hadi kwenye bunduki za kuwindia, akahama na kuweka karakana Dowagiac, Michigan.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, kikundi cha maofisa na mafundi katika ghala la silaha la Springfield, wakiwamo Townsend Whelen na Grosvenor Wotkyns, kilichukua risasi ya zamani ya baruti nyeusi iliyokuwa karibu kufa, kikaijaza baruti isiyo na moshi na kichwa cha risasi chenye ganda la shaba. Baadhi yao walikuwa wanajeshi, ila kazi hii waliifanya kwa mapenzi yao. Matokeo yake yaliitwa .22 Hornet. Kichwa chake kilikuwa na uzito wa gramu 2.9 hivi, na mwanzoni kiliruka kwa mita 730 kwa sekunde. Mlio wake haukuwatisha watu wa vijijini, na risasi ilipasuka ilipogusa ardhi. Winchester ilianza kuuza risasi hizo 1930, kabla ya kiwanda chochote kikubwa cha Marekani kuuza bunduki ya kuzipigia.

Pengo hilo la miaka michache lilizaa utamaduni mzima. Mtu aliyetaka Hornet alilazimika kumwendea fundi, na fundi alihitaji kitu cha kuanzia. Zile bunduki za risasi moja moja zilizokuwa zikijaa vumbi zikapata kazi mpya. Iliyopendwa sana ilikuwa Winchester ya 1885, iliyobuniwa na John Browning wa Ogden, Utah. Winchester ilinunua haki zake 1883 kwa dola 8,000 na kuitengeneza hadi 1920. Sanduku lake la chuma lilikuwa imara, na kizuizi chake kilipanda na kushuka wima nyuma ya risasi. Fundi aliuondoa mtutu wa zamani, akaweka mnene wa kipenyo cha .22, akachonga kitako cha jozi, akafunga darubini ndefu. Kila moja ilikuwa peke yake duniani. Anayekusanya bunduki za kipindi hiki hakusanyi aina. Anakusanya maamuzi ya mteja mmoja na fundi mmoja.

Kisha ikaja 1935. Winchester ilitoa .220 Swift, risasi ya gramu 3.1 iliyotangazwa kuruka futi 4,110 kwa sekunde, yaani mita 1,250 hivi, zaidi ya mara tatu ya mwendo wa sauti. Hakuna kiwanda kilichowahi kuuza kitu cha kasi hiyo. Kwa mwindaji wa marmota ilikuwa kana kwamba umbali umefutwa: hadi yadi 300 alilenga pale alipotaka kupiga, bila hesabu nyingi za kushuka kwa risasi. Ilitoka kwanza katika bunduki ya Model 54, halafu katika Model 70, ambayo wengi bado wanaiona kuwa bunduki bora ya komeo kuwahi kutoka viwandani Marekani.

Sifa za Swift zilivuka bahari. W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne, na aliyejulikana kwa kutumia risasi nyembamba pale wenzake walipobeba mizinga, aliitumia .220 Swift uzeeni mwake kuwindia kulungu wekundu wa Scotland, akaisifu kwa maandishi. Wengi walimpinga, wakisema risasi ya marmota haimfai kulungu. Bell alikuwa amesikia pingamizi la aina hiyo maisha yake yote.

Malalamiko mazito zaidi yalihusu mitutu. Baruti nyingi ikichomwa ndani ya ganda kubwa na kusukumwa katika tundu jembamba huunguza koo la mtutu, pale mifereji inapoanzia. Chuma hupasuka nyufa ndogo ndogo, kisha huliwa, na usahihi hupotea. Swift ikapata jina la mla mitutu. Winchester ilitumia chuma kisichopata kutu katika baadhi ya mitutu yake ili kupunguza madhara hayo. Kwa maoni yangu risasi yenyewe ililaumiwa kupita kiasi. Aliyepiga risasi 30 mfululizo bila kuuacha mtutu upoe ndiye aliyeuua. Hata hivyo tatizo ni la kweli, na linamhusu kila mwenye bunduki ya namna hii: usahihi wake ni akiba inayopungua kila anapofyatua.

Wotkyns mwenyewe alikuwa amependekeza ganda jingine kwa ajili ya Swift, la .250 Savage, kampuni ikachagua lake. Wazo lake halikufa. Fundi J. E. Gebby wa Ohio na wenzake waliliendeleza, na kwa karibu miaka 30 risasi hiyo, .22-250, iliishi mikononi mwa mafundi bila kiwanda kuitambua. Aliyeitaka alinunua maganda ya .250 na kuyabana shingo mwenyewe. Browning ilitoa bunduki yake 1963 wakati hakuna aliyeuza risasi zake dukani, na Remington ikaihalalisha 1965. Kuna hata baruti iliyopata jina kwake: Bruce Hodgdon, aliyeanza biashara kwa kununua baruti za ziada za serikali baada ya vita, aliiita moja H380 kwa sababu greni 38.0 zake zilikuwa kipimo alichokipenda katika .22-250.

Vita Kuu ya Pili ilipokausha maduka, risasi zote zilikwenda jeshini. Wawindaji wa mashambani wakabaki na bunduki tupu, na hapo ubunifu ukachukua sura nyingine. Vernon Speer, huko Lewiston, Idaho, alitengeneza vichwa vya risasi kwa kutumia maganda matupu ya .22 ndogo, zile za bei rahisi zilizokuwa zikitupwa viwanjani, akiyafanya kuwa magamba ya nje. Fred Huntington wa Oroville, California, alitengeneza mashine ya mkono ya kufanya kazi hiyohiyo, ili watu waweze kuwinda marmota wa miambani, yule wa majimbo ya magharibi. Herufi za kampuni yake, RCBS, zinatokana na jina la mashine hiyo, na mnyama yumo ndani ya jina. Leo vifaa vya RCBS viko mezani kwa watu wanaojaza risasi zao wenyewe katika nchi nyingi, na wengi wao hawajui kwamba vilianza kwa uhaba wa wakati wa vita.

Amani iliporudi, swali la Dakta Mann lilirudi nayo. Mwaka 1947, Johnstown, New York, wapenzi wa bunduki sahihi waliunda chama cha kupiga shabaha bunduki ikiwa imelazwa juu ya meza. Sheria ilikuwa rahisi: piga karatasi mara tano au kumi, kisha upime umbali kati ya matundu yaliyo mbali zaidi. Harvey Donaldson wa Fultonville, si mbali na hapo, alikuwa kiungo kati ya vizazi: alikumbuka bunduki za vilabu vya Kijerumani, alikuwa mwindaji hodari wa marmota, na risasi yake, .219 Donaldson Wasp, ilitawala meza za miaka ya mwanzo. Kila kosa lilionekana kwenye karatasi, na mafundi hawakuwa tena na kichaka cha kujificha. Hata madaraja ya mashindano yaliyowekwa baadaye yalibaki na majina ya bunduki za wanyama waharibifu: daraja jepesi lisizidi pauni 10.5, daraja zito lisizidi pauni 13.5.

Mmoja wa washindani hao alikuwa Mike Walker, mhandisi wa Remington. Mwaka 1950 kampuni yake ilitoa .222 Remington, kazi yake, na hiki ndicho kipande cha hadithi ninachokipenda kuliko vyote. Risasi karibu zote zilizotangulia zilikuwa za kurithi: ganda la zamani limebanwa, limefupishwa, limenyooshwa. Walker alianza na karatasi tupu. Gramu 3.2, mita 975 kwa sekunde, baruti kiasi, koo la mtutu lisiloungua haraka. Haikuwa na majigambo ya Swift. Ilikuwa sahihi kiasi cha kuwashangaza watu waliodhani usahihi lazima uletwe na fundi wa pekee. Ilitawala meza za mashindano kwa zaidi ya miaka 20, hadi Lou Palmisano na Ferris Pindell walipoleta risasi zao fupi na nene katikati ya miaka ya 1970.

Jeshi la Marekani lilipotaka risasi nyepesi ya bunduki mpya ya kivita mwishoni mwa miaka ya 1950, wabunifu walianzia hapohapo kwenye .222, wakairefusha kidogo. Ndiyo .223, au 5.56 ya kijeshi, ambayo leo imeenea katika majeshi ya mabara yote. Sina furaha na ukweli huo, lakini siwezi kuuficha.

Kilichotokea upande wa bunduki kilifuata njia hiyohiyo. Mwaka 1956 Winchester ilitoa Model 70 maalumu kwa wanyama waharibifu, yenye mtutu mzito wa inchi 26, kwa risasi mpya ya .243 na kwa Swift. Sasa mtu aliweza kuingia dukani na kutoka na kitu ambacho babu yake angesubiri miaka kwa fundi. Mwaka 1964, ili kupunguza gharama, Winchester iliibadilisha Model 70: kucha kubwa ya kuvutia ganda ikaondolewa, na nakshi za kuchonga kwenye kitako zikageuzwa kuwa za kukandamizwa kwa mashine. Wateja walikasirika. Zaidi ya 580,000 zilizotangulia mabadiliko hayo zikawa hazina ya wakusanyaji, na zile za mtutu mzito zikawa hazina ndani ya hazina. Remington iliona mwanya: Model 700 ilikuwa sokoni tangu 1962, na 1967 ikapata toleo la mtutu mzito wa inchi 24. Mwaka mmoja kabla yake, Kikosi cha Marine cha Marekani kilikuwa kimekwisha kuchagua bunduki ya ukoo huo kwa ajili ya wadunguzi wake Vietnam. Ulaya nako, Sako ya Ufini ilitengeneza bunduki ndogo zenye komeo lililopunguzwa kuendana na .222, na ulaini wa komeo hizo bado unasifiwa na mafundi.

Darubini za enzi hizo zinastahili neno. John Unertl alifanya kazi kwa mtengenezaji Fecker kabla ya kuanzisha kampuni yake Pittsburgh miaka ya 1930. Darubini zake ni mirija mirefu, myembamba, na skrubu za kurekebishia shabaha haziko ndani yake. Ziko kwenye vishikizo vya nje. Bunduki ikirudi nyuma, darubini huteleza mbele katika vishikizo vyake, na mpigaji huivuta kwa mkono kabla ya risasi inayofuata. Aliyezoea vifaa vya leo ataona usumbufu. Mimi naona adabu: kila risasi ina hatua zake, na hakuna anayeharakishwa.

Wakati mitutu ikiwa bora kuliko wakati wowote, mashamba yenyewe yalikuwa yakibadilika. Farasi walikwisha, trekta haivunjiki mguu, na mashamba mengi ya kaskazini mashariki yakawa misitu au nyumba. Uwindaji ukahamia magharibi, kwa kindi wa nyikani ambao Wamarekani huwaita mbwa kwa sababu ya mlio wao wa kubweka, wanaoishi katika miji ya chini ya ardhi yenye mamia ya mashimo. Hapa sitaki kusifu tu. Wanyama hawa walikuwa wamekwisha kupigwa na kampeni za sumu zilizoungwa mkono na serikali, pamoja na ugonjwa wa tauni ulioletwa Amerika ya Kaskazini kwa meli karibu na mwaka 1900. Kicheche mwenye miguu myeusi, anayewategemea kwa chakula na makao, alidhaniwa ametoweka duniani hadi 1981, mbwa wa shamba moja karibu na Meeteetse, Wyoming, alipoleta mzoga wa mmoja nyumbani. Vicheche 18 wa mwisho walikamatwa kufikia 1987, na walio hai leo karibu wote ni wa uzao wa saba kati yao. Ndege wanaokula mizoga nao humeza vipande vya plumbi, metali ya sumu inayotengenezea risasi, vilivyobaki mwilini. Mtu anayependa bunduki hizi anapaswa kujua hayo kama anavyojua mwaka wa komeo lake, na wengi ninaowaheshimu wamehamishia risasi zao kwenye karatasi na vibao vya chuma.

Wenye bunduki hizi leo wanakabiliwa na maswali ambayo mwenye stempu au sarafu hayajui. Kwanza ni kujua kilichomo mkononi. Sheria ya Marekani inaiweka bunduki iliyopita miaka 50, ikiwa katika hali yake ya asili, katika kundi la vitu vya kale ambavyo mkusanyaji anaweza kupata leseni yake maalumu. Lakini bunduki za karakana za miaka ya 1930 hazina katalogi. Maandishi kwenye mtutu yanaweza kusema .219 Wasp, na kila fundi alikuwa na Wasp yake, zenye tofauti zinazotosha kupasua ganda. Mtu mwangalifu haamini maandishi. Huyeyusha aloi laini ya bismuthi, inayoyeyuka kwa joto lililo chini ya maji yanayochemka, humwaga katika chemba, huitoa ikiganda na kuipima kwa mikromita. Baada ya hapo ndipo hujua ganda lipi litengenezwe. Kwa Wasp na jamaa yake .219 Zipper, ganda la .30-30 bado linapatikana kila mahali na linaweza kubanwa hadi lifae.

Pili ni chumvi. Fataki za zamani za kuwashia baruti zilikuwa na kemikali iliyoacha chumvi inayovuta unyevu, na mtutu usiooshwa kwa maji ulianza kuoza usiku uleule. Mkusanyaji anayeona nje inang'aa hukimbilia kamera nyembamba ya kuingiza ndani, maana humo ndimo ukweli ulimo: mashimo ya kutu, nyufa za koo, shaba iliyoganda kwa miongo.

Tatu ni mzunguko wa mifereji. Wajenzi wa zamani walichonga mzunguko mmoja kwa kila inchi 14, au inchi 16 kwa Hornet, kwa kuwa risasi zao zilikuwa fupi. Risasi za shaba tupu zinazochukua nafasi ya risasi za plumbi ni ndefu kuliko za uzito uleule, na mzunguko wa polepole haziuwezi. Zinafika shabahani zikiwa zimelala ubavu. California imelazimisha uwindaji wote kutumia risasi zisizo na plumbi tangu Julai 2019. Mwenye Swift ya 1938 huko anahitaji risasi za shaba nyepesi sana, na anapaswa kuzijaribu kwenye karatasi kwanza.

Lililo gumu kuliko yote ni kama bunduki ipigwe au isipigwe. Kuna wanaozifunga kabatini, wakisema kila risasi inaharibu ushahidi. Ninawaelewa, na kwa mtutu uliochongwa na mkono wa Pope ningefanya vivyo hivyo. Kwa nyingine naungana na wanaozipiga, kwa kiasi: risasi chache asubuhi, kwa baruti iliyopunguzwa, mtutu ukiachwa upoe kila baada ya tatu au tano. Bunduki hizi zilijengwa kujibu swali, na jibu lao linaonekana kwenye karatasi peke yake. Mtutu ukiisha kabisa, fundi mwangalifu huufungua mzima, huupaka mafuta na kuuweka pamoja na nyaraka za bunduki, kisha hufunga mwingine wenye unene na urefu uleule. Anayelirefusha shimo la chemba ili kufuta sehemu iliyoungua huokoa fedha, lakini hufuta vipimo vya fundi wa kwanza, na vipimo hivyo havirudi.

Baadhi ya wazee wa mashambani waliandika kila kitu: tarehe, aina ya baruti, upepo, umbali wa kila marmota, idadi ya risasi zilizokwisha kupita. Madaftari hayo mara nyingi hutupwa mwenye bunduki anapofariki, kwa sababu warithi huona hesabu za mzee zisizo na faida, na bunduki huuzwa peke yake. Kama unanunua mojawapo ya bunduki hizi kutoka kwa familia, uliza habari za daftari kabla ya kuuliza bei, na ulipie vyote viwili.